Kisu cha kambi kikivunjika: dalili, sababu, na kudai waranti kabla hujaiua mwenyewe

Kijana mmoja alinijia kibandani hapa Nakuru na kisu cha kambi kilichokatika ncha. Alikuwa ametoka nacho Menengai, walikoenda kuchoma nyama. Kabla ya kunifikia alikuwa ameshapita kwa fundi wa kuchomelea, ncha ikarudishwa kwa moto, ikasawazishwa kwa grainda mpaka nusu ya bapa ikageuka buluu. "Fundi, nisaidie kuandika barua ya dukani," akaniambia. "Hiki kina waranti ya maisha." Nilikigeuza mara mbili nikamrudishia. Waranti ilikufia kwa yule wa kuchomelea, na kisu chenyewe hakingekata hata nyanya.

Nimepanga matatizo hapa kwa dalili, jinsi wateja wanavyoyaleta. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Ya mwisho ndiyo adimu.

Kabla ya yote: kiache kilivyo

Usikioshe, usikinoe, usikipake gundi. Okota vipande vyote, hata kile kidogo cha ncha. Funga kila kipande peke yake kwa gazeti kavu ili nyuso zilizovunjika zisisuguane. Na usivirudishie pamoja uone kama vinalingana. Kila mtu hufanya hivyo, nami nilifanya hivyo zamani, na kila ukifanya unasaga ushahidi wako mwenyewe. Piga picha siku hiyo hiyo, maana chuma kilichovunjika hushika kutu usiku mmoja tu wa mvua.

Kama kimekukata, kisu kingoje. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Damu isipokoma, kidole kikikataa kukunjika, au ncha ya kidole ikifa ganzi, nenda hospitali: huenda kano au neva imekatika, na hiyo si kazi ya bandeji ya nyumbani. Kisu kikiwa kimegusa udongo au ni cha kuparia samaki, uliza sindano ya pepopunda.

Maneno matatu tuelewane. Bapa ni ule upana wa chuma. Mgongo ni upande usiokata. Mkia ni chuma kinachoingia ndani ya mpini, na shida kubwa nyingi zinatokea hapo, mahali usipopaona.

Dalili: ncha imekatika

Karibu kila mara ni kisu kugeuzwa mtaimbo. Kimefungulia mkebe, kimeng'oa msumari, kimechokonoa jiwe kwenye kwato za ng'ombe. Ncha ni nyembamba. Inavumilia kusukumwa mbele, haivumilii kupindwa kando. Sababu ya pili ni kurusha kisu kwenye mti. Ya tatu ni kuanguka juu ya jiwe au saruji. Kasoro ya kiwanda ipo, lakini ni nadra, na hapa utapata taabu kumshawishi muuzaji.

Ikiwa kimepungua milimita 2 au 3, usidai waranti. Shusha mgongo kwa tupa laini au jiwe na maji mpaka ukutane na makali, ncha mpya itazaliwa. Ni mgongo unaoshuka, makali hayaguswi. Ukianza kula upande wa makali utapoteza sehemu nyembamba, ubaki na kisu kinene kisichokata. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu kuliko tupa. Tumia jiwe na subira.

Dalili: bapa limekatika katikati au kwenye mpini

Hapa ndipo waranti hushinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa.

Sababu ya kwanza ni kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu. Kwa kuni kavu zilizonyooka, kisu kinene hakina neno. Kisu huvunjika kikikutana na fundo la mti, nawe ukaanza kukipinda kulia na kushoto ili kitoke. Au umekigonga kwa nyundo: chuma juu ya chuma, badala ya gogo.

Ya pili ni mkia mwembamba. Kwa nje mpini ni mnene na wa kutisha, ndani chuma kimepungua unene wa kalamu. Kisu cha namna hiyo si kibovu, ila ni cha kukata, hakikuumbwa kwa kuni.

Ya tatu ni kona kali pale bapa linapoingia kwenye mkia. Kona iliyokatwa kama pembe ya sanduku hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Kona hiyo ilitakiwa kuwa ya mviringo. Hili ni kosa la aliyekibuni.

Ya nne ni chuma kilichopikwa vibaya. Kisu hutiwa moto mpaka kiwe chekundu, kikazimwa mafutani kiwe kigumu, kisha kikarudishwa kwenye moto mdogo kupunguza ukavu, yaani kule kukatika upesi. Moto ukizidi mwanzoni, au ule wa pili ukirukwa, kisu kinakuwa kama kigae.

Utajuaje ni ipi? Toka nje kwenye jua, washa kamera ya simu, kuza uso wa mvunjiko na uusome.

Ukiona kijivu laini, chembe ndogo kama majivu yaliyochekechwa, chuma kilikuwa kizuri na nguvu ilizidi. Kingo za mvunjiko zikiwa zimepinda kidogo, kisu kilipindwa kabla hakijakatika. Huo ni mkono wako.

Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, chuma kiliungua kiwandani. Piga picha nyingi, hapo una kesi.

Ukiona doa la kahawia au jeusi lenye mpaka wazi, na sehemu iliyobaki inang'aa, kulikuwa na ufa wa zamani ndani. Lile doa ni ufa uliokuwa umeshashika kutu au weusi wa moto wa kiwandani. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyovunjika juzi. Kuna pia mistari ya mawimbi, kama ile maji ya ziwa yanayoiacha mchangani pale Dunga, Kisumu, yakirudi nyuma. Hiyo inaonyesha ufa uliokua polepole, siku baada ya siku, kabla ya pigo la mwisho.

Mimi mwenyewe kilinikatikia msituni Kakamega. Mvua ilikuwa imetulaza njaa, nikawa nachanja vijiti vya kuwashia moto wa chai, vijiti vya unene wa kidole gumba. Mpini ukabaki mkononi, bapa likaruka kwenye majani. Niliona aibu kwanza, maana wageni walikuwa wananitazama. Nilipolipata bapa nikalileta karibu na tochi: theluthi moja ya mkia ilikuwa ya kahawia iliyokolea, sehemu iliyobaki nyeupe kama fedha mpya. Kisu kilikuwa na miezi minne. Dukani walinijibu kwa mstari mmoja, "Umekipiga." Sikubishana nao. Niliwatumia picha ya lile doa la kahawia nikawauliza swali moja tu: chuma kilichokatika jana usiku kinashikaje kutu katikati ya mpini? Nilibadilishiwa.

Lau ningekiacha kile kisu kwenye mkoba uliolowa hadi nirudi Nakuru, uso wote ungekuwa wa kahawia na swali langu lingekuwa halina meno.

Acha hapa: kisu chenye ufa, hata mwembamba kama unywele, hakitumiki tena. Ukitaka uhakika, futa bapa, lipake mafuta mepesi, lifute tena likauke, kisha nyunyizia chaki ya unga; mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatachora mstari. Usikipeleke kuchomelewa. Moto wa kuchomelea unalainisha chuma kote kuzunguka kiungo, na pembeni yake unaacha mahali pakavu ambapo kitakatika tena, safari hii kikielekea usoni kwa mtu.

Dalili: makali yanamenyeka au yanapinda

Chukua ukucha, upitishe polepole kando ya makali. Yakikwaruza kama msumeno, yamemenyeka. Yakiteleza upande mmoja na kukwama upande mwingine, yamepinda.

Kumenyeka huletwa kwanza na mfupa, samaki aliyegandishwa, au msumari uliofichwa kwenye ubao wa kreti. Pili, makali yamenolewa membamba mno. Tatu, grainda: ule ukingo mwembamba hupata moto kabla hujauona. Rangi ya majani makavu hutokea nyuzi joto 200 na kitu za Selsiasi, buluu karibu 300, na chuma kikishafika buluu ugumu wa makali umekwenda. Makali yakipinda kila wiki baada ya kupita kwa fundi wa grainda, jibu ni hilo.

Kuna jambo moja watu hawalijui. Kisu kipya kikimenyeka siku ya kwanza, usikimbilie kukirudisha. Mikanda ya kunolea kiwandani nayo huunguza ule ukingo wa juu kabisa. Kinoe kwa mkono, kwenye jiwe lenye maji, mara mbili au tatu, ufikie chuma kizima kilicho chini. Vingi hutulia hapo. Kunoa kwa mkono kwa kawaida hakuvunji waranti. Ni mashine inayoivunja. Kikiendelea kumenyeka kwa kukata kamba na viazi tu, sasa andika barua.

Dalili: hakishiki makali

Mara tisa kwa kumi ni kunoa kwenyewe. Sisi tumelelewa kunoa panga kwenye ngazi ya saruji, na kwa panga la kukatia nyasi inatosha. Kwa kisu haitoshi. Tafuta jiwe la kunolea la namba 1000, yaani kipimo cha ulaini wake. Simamisha kisu wima, kilaze nusu, kisha kilaze nusu tena: hapo una pembe ya nyuzi 22 hivi, inatosha. Sugua upande mmoja mpaka usikie kwa kidole ule uzi wa chuma uliojikunja upande wa pili. Usipousikia, hujafika kwenye makali, hata ukisugua mpaka jioni. Geuza, rudia, malizia kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kinyume na makali.

Sababu ya pili ni kukatia juu ya sahani au sinia ya chuma. Ya tatu ni chuma laini chenye jina kubwa. Hicho mara nyingi ni kisu bandia, tutakifikia kwenye waranti.

Dalili: mpini unacheza

Kisu kinachopanda na kushuka kati ya Kisumu na Nakuru hupata tabu ya mbao: kando ya ziwa mbao inavimba, huku juu upepo wa Januari unaikausha, inasinyaa, ribiti (misumari inayoshika mpini) zinabaki zikining'inia. Angalia hilo kwanza. Gonga mpini kidogo kwa ukucha ukisikiliza. Penye mlio mtupu gundi imeachia. Sababu ya pili ni joto, kisu kuwekwa karibu na jiko au kuachwa juu ya dashibodi ya gari. Ya tatu ni kutu ya mkia inayosukuma mpini kutoka ndani. Utaiona kama chozi la kahawia kwenye mshono.

Mbao ikiwa imesinyaa tu, paka mafuta ya kitani, acha usiku kucha, futa, rudia siku tatu. Ikiwa ni gundi, na waranti bado ipo, usifungue. Kama haipo, safisha mshono, tumia gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, bana, usiguse kwa saa 24. Chozi la kahawia likiwepo, mpini lazima uvuliwe wote, na hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili: kisu cha kukunja ni kizito kufungua, kinayumba, au loki (kizuizi kinachoshika bapa likiwa wazi) inaachia

Kizito: uchafu wa mfuko, mchanga, magamba ya samaki. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaushe vizuri, tone moja la mafuta kwenye kiungo. Vile vyenye mpini wa mbao mtupu, mtindo wa Opinel ya Ufaransa, huvimba vikilowa na bapa hukwama ndani. Kiache kivulini kikauke, usikivute kwa koleo.

Kinayumba: skrubu ya kiungo imelegea. Kaza robo mzunguko kwa bisibisi yake ya nyota. Bisibisi isiyotoshea itakula kichwa cha skrubu, na kichwa kilicholiwa ni sababu tosha ya dai kukataliwa.

Loki inaachia: safisha mara moja. Kisha vaa glavu ya ngozi, vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, ubonyeze mgongo polepole kwenye ubao. Ikiachia tena, acha. Usiikunje kwa koleo, usiipige tupa. Loki inayoachia mara moja kwa mia itachagua mara ile moja kidole chako kikiwa njiani. Hilo ndilo dai la waranti ambalo maduka mengi hayabishi.

Dalili: kutu

Chuma cha pua nacho hushika kutu, msidanganywe na jina. Hushika polepole tu. Mkosaji wa kwanza ni ala ya ngozi. Watu huosha kisu cha samaki, wanakirudisha kwenye ala kikiwa bado na maji, wanakilaza huko wiki nzima. Wa pili ni ndimu, nyanya na chumvi. Wa tatu ni dawa ya klorini ya jikoni, inayochimba vishimo. Rangi ya kijivu au buluu iliyoiva kwenye chuma cha kaboni si kutu, ni ngozi yake, iache. Kutu nyekundu itoe kwa mafuta na sufi laini ya chuma, kisha kihifadhi nje ya ala. Waranti karibu zote hazigusi kutu, usijisumbue.

Sasa, waranti

"Waranti ya maisha" haina maana kwamba kisu hakifi. Kiwanda kinakubali kosa la chuma na la ufundi wake, si uchakavu, si matumizi mabaya, si kisu kilichobadilishwa umbo. Victorinox ya Uswisi hudhamini chuma na ufundi bila ukomo wa muda, vifaa vya umeme miaka 2. Leatherman ya Marekani hutoa miaka 25. Soma karatasi iliyokuja na chako.

Anza na aliyekuuzia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamtaka muuzaji akupe kitu cha ubora unaofaa, na kinachofaa kazi uliyomwambia unakinunulia. Kwa hiyo kama ulimwambia unataka cha kuchanjia kuni, taja hilo kwenye barua. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa zenye ubora, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inarudia hayo. Lile bango la "mali ikiuzwa hairudi" halifuti kasoro. Akigoma kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa kisu cha elfu tatu sidhani utafika huko. Ila ukilitaja jina hilo kwa upole, mwishoni mwa barua, wengi hukumbuka kujibu.

Sababu ya kwanza ya madai kukataliwa, kwa niliyoyaona, ni kisu kuwa bandia. Tazama maandishi kwenye bapa: ya kweli yamezama au yamechorwa kwa mstari safi, ya bandia hufutika kwa kidole chenye mafuta ya taa. Linganisha uzito na ule ulioandikwa na kiwanda. Kikiwa bandia, kiwanda hakikudai wala hukidai; rudi kwa muuzaji, na ukitaka kumshtaki peleka habari kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Risiti ikipotea, ujumbe wa M-Pesa wa siku ile unatosha kuonyesha tarehe na kiasi. Ukiwa uliufuta, omba taarifa ya malipo yako.

Barua iwe fupi: ulinunua lini, wapi, ulikuwa unakata nini kilipovunjika, na unataka nini. Kama ulikigonga, sema. Wanaojua chuma watauona ukweli kwenye mvunjiko, na uongo mmoja unazamisha hata dai lililo halali. Tuma picha nne: kisu kizima, nyuso mbili za mvunjiko kwa karibu, maandishi ya bapa, risiti. Viwanda vingine huridhika na picha peke yake, kwa hiyo usilipe nauli ya kifurushi kwenda ng'ambo kabla hujaombwa, na kabla hujauliza msafirishaji kama anapokea visu.

Ukikituma Nairobi kwa vifurushi vya matatu, kunja bapa ndani ya kadibodi mara mbili, funga kwa utepe, kisha tia ndani ya boksi gumu na uandike juu kwamba ndani mna kisu kilichovunjika. Nilishamwona kijana wa ofisi ya vifurushi akiguna huku amefunika kiganja, damu inadondoka kwenye kaunta, kwa sababu mtu alikitia kisu kwenye bahasha ya kaki. Chukua namba ya kifurushi, ipige picha.

Kipya kikifika, kifungue mbele ya aliyekileta. Kishike usawa wa jicho utazame kama bapa limenyooka, gonga mpini, fungua na kufunga loki mara kumi, na kama mkia unaonekana, tafuta ile kona.